UZI: Mnunuzi wa pembe ya faru aliachaje kununua? Tuanze na majambia ya Yemen, tumalizie nyumbani

#1 Mzee_wa_Jahazi

Wakuu, heshima mbele.

Kila shehena ya nyara ikikamatwa bandarini, humu ndani tunagawanyika makundi mawili. Moja linataka majangili wapigwe risasi, la pili linasema wenye funguo za ghala ndio majangili wenyewe. Tunarushiana maneno mpaka uzi unafungwa, na mnunuzi hajatajwa hata mara moja. Leo nataka tumweke yeye mezani, yule anayetoa hela. Akiacha kutoa, jangili atalima matikiti.

Nachagua Yemen kwa sababu pembe zilizokwenda kule zilitoka kwetu. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na faru weusi kama 20,000. Miaka ya 80 ikielekea kuisha hawakufika hata 400. Kwa Afrika nzima walikadiriwa 65,000 mwaka huo wa 1970, na ilipofika 1995 wakabaki kama 2,400. Wengi wakisikia hesabu hiyo wanamwaza Mchina na dawa zake. Dawa ilikula sehemu yake, sikatai. Lakini miaka ya 70 Yemen ya Kaskazini peke yake ilikuwa inaingiza kiasi cha tani tatu za pembe kwa mwaka, na si kwa ajili ya dawa. Zilichongwa mipini ya majambia.

Aliyewahi kufika Sanaa anajua. Jambia linakaa mbele ya tumbo, limesimama katikati ya mkanda uliodariziwa, na mtu akija kwako unaliona kabla hujamwona uso vizuri. Ubapa hautazamwi sana. Kinachotazamwa ni mpini. Mpini wa pembe ya faru, ukishikwashikwa na viganja vya watu kwa miaka mingi, unabadilika rangi taratibu, unakuwa wa kimanjano, unang'aa, na ukiuelekeza juani mwanga unapenya pembeni. Ile mikongwe iliyofikia hatua hiyo wanaiita saifani, na baba akifa inakwenda kwa mwanawe. Hakuna aliyekuwa anamkata mtu nayo. Ilikuwa inamtambulisha.

Enzi ya Maimamu, mpini wa namna hiyo ulikuwa wa masayyid, makadhi na masheikh wa makabila. Mapinduzi yakaja 1962, tabaka zikalegea. Kisha 1973 mafuta yakapanda bei, Saudia ikahitaji vibarua, na vijana wa Yemen wakavuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Kijana aliyekuwa analima mtama kule milimani akarudi na riyali mfukoni. Atanunua nini cha kuonyesha kwamba na yeye sasa ni mtu? Kile alichokuwa akikiona kiunoni mwa sheikh tangu utotoni.

Faru wa Tsavo akafa hivyo.

Aliyeichimbua habari hii ni Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi, yule mzee wa nywele nyeupe aliyevaa suti na leso mfukoni hata kwenye joto. Alianza kwa kuchunguza biashara ya majahazi ya Bahari Hindi, ndipo akakutana na pembe humo humo ndani ya mizigo. Alikwenda Sanaa mara nyingi, akakaa na wachongaji, akapima, akauliza bei. Aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Nairobi mwezi Februari 2018.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1982 serikali ya Yemen Kaskazini ikapiga marufuku kuingiza pembe. Mzigo haukukoma, ukabadilisha njia tu, ukawa unapita Djibouti kimagendo. Mwishoni mwa miaka ya 80 ndipo yakaanza mambo ya maana zaidi. Mpini mmoja ukichongwa, sehemu kubwa ya pembe inabaki chenga sakafuni, na zile chenga walikuwa wanaziuza Asia ya Mashariki kwa dawa. Faida ya fundi ilikuwa humo. Biashara ya chenga ikapigwa marufuku. Pembe za nyati maji kutoka India zikaruhusiwa kuingia kwa unafuu, ili fundi asife njaa. Na mwanzoni mwa miaka ya 90 Mufti Mkuu wa Yemen akatoa fatwa kwamba kuwaua faru kwa ajili ya pembe ni kinyume na mapenzi ya Mungu.

Katikati ya hayo ikaja vita ya Ghuba ya 1990. Yemen haikuunga mkono upande wa Saudia, na Saudia ikawarudisha makwao Wayemeni wapatao laki nane au zaidi. Riyali zikakauka.

Kwa hiyo nani alimwokoa faru? Sheria, fatwa, nyati wa India au umaskini? Mimi nasema kuna kitu kimoja ambacho hakikufanya kazi hata kidogo: picha ya faru aliyekatwa pua. Fundi wa Sanaa hajawahi kumwona faru. Mnunuzi hajawahi kumwona faru. Ukitaka aache kununua lazima kwanza ujue ile pembe anaitumia kumwambia nani nini, halafu umpatie njia nyingine ya kusema neno hilo hilo.

Karibuni. Matusi pembeni.

#2 kisiki_cha_mpingo

Nimevuta kiti. Uzi wa namna hii huku ndani umekuwa adimu kama faru wenyewe.

#3 Mbishi_Halali

Mzee, shikamoo, lakini hapa unatuletea hadithi za kusafisha watu. Kama jangili hafyatui risasi, Myemeni atanunua nini? Ziba chanzo. Nchi yetu Tanzania ilifanya Operesheni Uhai 1989, jeshi likaingia porini, tembo wakapumua. Hayo ya kwenda kumpetipeti mnunuzi Sanaa ni kazi ya mashirika yanayotafuta posho.

#4 Mzee_wa_Jahazi

Marahaba, Mbishi. Operesheni Uhai naikubali. Ila umesahau kwamba mwaka huo huo wa 1989 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, walipiga marufuku biashara ya kimataifa ya meno ya tembo, na Ulaya na Marekani wakaacha kununua karibu kwa mkupuo. Mambo mawili yalikwenda pamoja, wewe unampa sifa mmoja.

Chukua mfano wa pili ambao hauna msaada wa soko. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo 109,051. Mwaka 2014 ikahesabu 43,330. Katikati hapo kulikuwa na Operesheni Tokomeza, 2013. Wananchi waliteswa, wengine wakafa, Bunge likachachamaa, mawaziri wanne wakaondoka. Wakati huo huo kilo moja ya meno ghafi China ilikuwa imepanda hadi dola 2,100 mwaka 2014. Utazibaje chanzo chenye bei hiyo? Ukimfunga mmoja, kijijini wapo kumi wanaosubiri nafasi yake.

#5 Mbishi_Halali

Sawa, na bei ilishukaje? Kwa nasaha?

#6 Wakili_wa_Kisauni

Niingilie hapo, ndugu zangu. Hiyo bei niliifuatilia kwa sababu za kikazi.

Waliokuwa wanakwenda madukani China kuulizia ni huyo huyo marehemu Martin na mwenzake Lucy Vigne. Dola 2,100 mwaka 2014. Mwisho wa 2015 ikawa 1,100. Mwanzoni mwa 2017 ikawa 730. Tazameni tarehe vizuri. Soko la ndani la China lilifungwa rasmi 31 Desemba 2017. Yaani bei ilianguka kwa theluthi mbili kabla mlango haujafungwa! Tangazo la kufunga lilitoka mwishoni mwa 2016, lakini fununu zilikuwepo tangu 2015, uchumi ulipunguza kasi, na juu ya yote kulikuwa na ile vita ya Xi Jinping dhidi ya rushwa. Sanamu ya meno ya ndovu ilikuwa zawadi ya kumpelekea mkubwa ofisini. Mkubwa alipoanza kuogopa kupokea, mletaji akaacha kununua.

Supu ya mapezi ya papa yaliyoipata ni hayo hayo. Watu wanampongeza Yao Ming, yule mchezaji wa mpira wa kikapu aliyetokea kwenye matangazo, na anastahili. Lakini mwaka 2013 serikali ilikataza supu hiyo kwenye dhifa zake. Mlaji mkubwa alikuwa anakula kwa hela ya umma.

Kwa hiyo Mbishi, si nasaha tupu, na si bunduki pia. Ni kwamba zawadi ilianza kumtia aibu anayeipokea.

#7 Mjukuu_wa_Pagazi

Jamani mmeruka mnunuzi mkubwa kuliko wote. Mimi ni wa Bagamoyo, tuliobeba tunajua.

Karne ya 19 meno yaliyoshuka pwani yetu hayakwenda China. Yalipita Unguja yakaenda Bombay, London, na sehemu kubwa Connecticut, Marekani. Kuna miji miwili kule, Deep River na Ivoryton, na huo wa pili umebeba jina la meno ya tembo mpaka leo. Vilikuwa viwanda vya kukata vibao vya piano. Sebule ya kila familia ya Kimarekani iliyojiona imeendelea ilitakiwa iwe na piano, na binti wa nyumba ajue kuipiga. Babu zetu wakabeba meno kutoka Tabora na Ujiji kwa miguu, wengine kwa minyororo, ili binti huyo apige muziki Jumapili.

Leo Wamarekani wanatuhubiria Wachina. Lakini Mzee yuko sahihi kwenye jambo moja: waliachaje? Hakuna aliyewaonyesha picha ya pagazi aliyekufa njiani, wala ya tembo. Mwaka 1869 jamaa mmoja, John Wesley Hyatt, alitengeneza seluloidi akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya meno kwenye mipira ya biliadi. Plastiki za baadaye zikaingia kwenye piano. Gramafoni na redio zikaingia sebuleni, piano yenyewe ikapoteza heshima. Ndiyo ikaisha hivyo.

#8 kisiki_cha_mpingo

@Mjukuu_wa_Pagazi umeua. Hili la Connecticut lingefundishwa shuleni, lisibaki la watalii tu kule makumbusho ya Caravan Serai, Bagamoyo.

#9 Mswahili_wa_Matrah

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati, babu zangu wa Mfenesini, Unguja.

Mzee ametaja jambia la Yemen, sisi huku tuna hanjari, ipo mpaka kwenye bendera ya nchi. Bwana harusi havai bila hiyo. Na ya thamani ya zamani mpini wake ulikuwa wa pembe ya faru au wa jino la tembo, hilo hatulifichi. Siku hizi utakuta za msandali, za fedha, za mbao za kawaida, na za plastiki kwa watalii wanaoshuka na meli.

Nieleze kidogo kilivyo kishawishi chenyewe. Ukikaa dukani sokoni Matrah muuzaji akakupenda, anaweza kutoa moja kutoka kwenye kabati la nyuma akakwambia hii ni ya pembe, ya zamani, ya fulani bin fulani. Nimewahi kuwasha tochi ya simu nyuma ya mpini wa namna hiyo. Pembe ya faru ya kweli ina nyuzi nyembamba zinazokwenda sambamba toka juu mpaka chini, na pale ilipokatwa unaona vidoadoa vimejazana, kila kidoa ni kichwa cha uzi. Pembe ya nyati haina hayo, ni laini moja kwa moja. Nilichoona mimi kilikuwa nyati. Bei aliyotaja ilikuwa ya faru!

Hilo "ya zamani" ndilo tundu lililobaki. Kila kitu ni cha zamani. Hakuna muuzaji dunia nzima atakayekwambia pembe hii ni ya juzi.

Ila ndugu zangu, msisahau upande wa pili. Mpini wa nyati ulikubalika kwa sababu kwa mbali haumwaibishi mtu. Mayemeni niliofanya nao kazi wanajua kutofautisha wakiushika, lakini mitaani nani anakushika kiunoni?

#10 Mzee_wa_Jahazi

Waalaykum salaam, shekhe wangu. Mstari wako wa mwisho ungeniokolea aya tatu.

Nao Wazulu wa kanisa la Shembe kule KwaZulu-Natal walifanyiwa jambo linalofanana na hilo. Wanaume wao wakicheza ngoma ya ibada huvaa kibwebwe na joho la ngozi ya chui begani. Waumini ni wengi mno, chui hawatoshi. Shirika la Panthera halikwenda kuwaambia waache dini. Kuanzia 2013 liliwapelekea manyoya bandia, na ya kwanza hayakupendeza, ilibidi yarekebishwe mpaka madoa yakakaa sawasawa na yakaning'inia vizuri mtu akiruka. Maelfu yameshagawiwa. Ngozi halisi zipo bado, na wapo wazee wanaozidharau hizo za kiwandani, ila kijana asiye na hela ya ngozi sasa anavaa na anacheza mstari mmoja na wenzake.

#11 Fundi_Mitambo

Mimi nawaletea Vietnam, kwa sababu hapo ndipo nadharia ya Mzee inapopata homa.

Nilifanya kazi mradi mmoja na mafundi wa Kivietinamu, watu wazuri, wacheshi, wanywaji. Kule pembe haivaliwi, inanywewa. Kuna kibakuli maalumu cha kauri, ndani chini kimekwaruzwa kama sega, wengine wamekichora faru pembeni. Unatia maji kidogo, unasugua kipande cha pembe kwa mzunguko mpaka maji yanakuwa meupe kama ya mchele uliooshwa. Unakunywa baada ya ulevi wa usiku. Hangova! Basi. Pembe ni keratini, kitu kile kile cha kucha zako.

Uvumi mkubwa ulioinua soko, kama mnavyojua, ni ule wa mwanasiasa asiyetajwa jina anayedaiwa alipona saratani kwa pembe, miaka ya 2000 katikati. Faru wao wenyewe wa mwisho aliuawa 2010 mbuga ya Cat Tien, risasi mguuni, pembe imekatwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Dang Vu Hoai Nam na Martin Nielsen, waliwahoji watumiaji wenyewe, wakachapisha 2018. Matumizi yaliyoongoza ni hangova na kile wanachoita kusafisha mwili. Wengine walimnunulia mgonjwa wa saratani anayekufa, wakijua haponi, ili familia ionekane imefanya kila kitu. Habari za faru kuisha haziwagusi. Adhabu haiwatishi. Na pembe ya faru wa kufugwa wanaiona duni, wanataka ya porini.

Sasa Mzee, mbadala wa hapo ni nini? Panadol?

#12 Mbishi_Halali

😂😂 Fundi kamkamata mzee wa watu.

#13 Mzee_wa_Jahazi

Hajanikamata, amenisaidia. Soma tena alichoandika. Mnywaji wa hangova anakunywa mbele ya nani? Mbele ya wenzake wa biashara, baada ya kula pamoja. Angekunywa peke yake chooni hangelipa bei ile. Ni jambia lililosagwa.

TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, walilijua hilo, ndiyo maana 2014 walizindua kampeni Vietnam inayoitwa Chi, haina faru hata mmoja kwenye bango. Ilimlenga mfanyabiashara wa mjini mwenye umri wa makamo, ikamwambia nguvu ya mwanamume inatoka ndani yake, kwenye nia na kipaji chake, si kwenye kipande cha pembe. Ilipitia vyama vya wafanyabiashara, kwa watu wanaotazamana. Siwezi kukuambia kampeni ile peke yake ilishusha nini. Ila angalau walimjua wanayezungumza naye, tofauti na yale matangazo mengine ya mastaa wanaotafuna kucha.

Kwenye yule wa saratani nakubali, pale sina jibu jepesi. Mtu anayenunua matumaini kwa ajili ya mama yake humwambii habari za hadhi. Daktari wa mama huyo ndiye anaweza kumwambia kitu akasikilizwa. Au sinsei wake, yaani tabibu wa dawa za Kichina, maana China iliiondoa pembe ya faru kwenye orodha rasmi ya dawa mwaka 1993, na magamba ya kakakuona mwaka 2020. Tabibu wa jadi akisema tuna mzizi unaofanya kazi hiyo hiyo, anaaminika kuliko mzungu mwenye fulana ya panda ya shirika la WWF.

#14 Mtoto_wa_Nzega

Kakakuona! Kwetu bibi aliyekuwa anampata alimpeleka kwa mtemi, wanamwekea maji, nafaka na silaha, wanaangalia anakiendea kipi, ndiyo wanajua mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa vita. Kisha anaachiwa akiwa hai. Siku hizi ukimtaja tu unaulizwa una kilo ngapi za magamba. Tumefikaje hapa?

#15 BintiWete

Hamjambo. Naona mmezunguka Sanaa, Hanoi na Connecticut. Kichwa cha uzi kimesema tutamalizia nyumbani, na nyumbani hamjafika.

Mimi natoka Pemba. Machi 2024 kisiwa cha Panza walikufa watoto wanane na mama mmoja kwa kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 walikuwa wamekufa saba hapa hapa Pemba. Kasa analindwa, kisheria hafai kuguswa. Na ana sumu inayotokana na anachokula baharini, si kila kasa, na huwezi kujua yupi. Kupika hakuitoi. Mtoto anaanza kuwashwa koo, anasinzia, haamki.

Sasa nisikilizeni, nyinyi wa "mnunuzi anataka hadhi". Kasa hanunuliwi kwa bei ya Hanoi. Wavuvi wakimnasa nyavuni, taarifa inakwenda haraka, anakatwa ufukweni, kila nyumba inapelekewa fungu. Kitoweo cha watu wengi kwa siku moja bila mtu kutoa hela. Mjane anapata, mgonjwa anapata. Ukikataa fungu lako unaonekana unaringa. Baada ya msiba wa Panza serikali ilikuja, ikaonya, redio ikaimba. Lakini nyavu zinaendelea kunasa, na ladha watu wanaikumbuka.

Mzee, wewe si umesema tumjue anamwambia nani nini? Hapo anawaambia majirani "tuko pamoja". Nipe mbadala.

#16 Wakili_wa_Kisauni

Pole sana, dada. Ule msiba tuliufuata huku Mombasa, watu wa Lamu na Kipini walishtuka kwa sababu nao wanakula.

Huku kwetu mafuta ya kasa ndiyo shida nyingine, yanauzwa kwa chupa ndogo kimyakimya, kwamba mtoto wa pumu akinywa kifua kinafunguka. Mama hana habari na mazingira, anahesabu usiku ambao mwanawe hajalala. Dawa ya kuvuta hospitalini ikipatikana kwa uhakika, ile chupa inakosa mteja. Ikikosekana, hata ulete mabango mia.

Kwa upande wa wavuvi, Watamu kuna utaratibu wa miaka mingi: mvuvi akinasa kasa anapiga simu, wanakuja, anapewa fidia ndogo ya muda wake na nyavu, kasa anapimwa na kuachiwa. Si bei ya nyama, maana wakilipa bei ya nyama watu wataanza kumtega makusudi.

#17 Mswahili_wa_Matrah

Na ng'amba, yule kasa wa magamba mazuri, msimsahau. Magamba yake ndiyo yaliyokuwa yakitoka Unguja kwenda Japani kutengenezea vichana na fremu za miwani. Japani ilisimamisha kuyaingiza mwisho wa 1992. Mafundi wao walibaki na akiba ya magamba, wamekuwa wakiitumia kidogo kidogo. Kwa hiyo huyu hakuuliwa kwa njaa ya Pemba peke yake.

#18 BintiWete

Ahsante shekhe, ahsante wakili. Fidia ya mvuvi naielewa. Ila mvuvi ni mmoja, fungu ni la nyumba arobaini. Ukimlipa yeye akamwachia kasa, arobaini wamekosa, naye ndiye atakayelaumiwa barazani, si mwenye shirika.

#19 Mbishi_Halali

Dada hapo umeniweka njia panda, maana mimi nilitaka kusema wakamatwe. Utakamata kijiji?

Swali langu kwa Mzee kabla sijalala. Kwa nini tusifuge? Kama watu wanataka, wapewe. Tanzania tumefungua bucha za nyamapori zenye leseni, mtu anakula swala kwa risiti. Wafuge faru, wakate pembe, inaota tena, soko lijae, bei ife.

#20 Mzee_wa_Jahazi

Alijaribu mtu, Mbishi. John Hume wa Afrika Kusini alifuga faru weupe wapatao 2,000, akawa anawakata pembe bila kuwaua na kuzihifadhi akisubiri ruhusa ya kuuza nje. Mwaka 2017 biashara ya ndani ya Afrika Kusini ilirudishwa na mahakama, lakini mnunuzi hayuko Afrika Kusini. Hela ikamwishia. Mwaka 2023 African Parks wakachukua faru wote ili wawasambaze mbugani. Na Fundi ameshakuambia, mnywaji wa Hanoi anataka ya porini. Pembe za shambani zingempa mwenye duka kisingizio tu, kama ile "ya zamani" ya Matrah.

Bucha ya swala ni jambo tofauti. Swala wapo wengi, na anayekula anataka nyama, akipata yenye risiti haoni kapungukiwa.

@BintiWete, mwanangu, nimelifikiria fungu la nyumba arobaini. Sioni samaki akilijaza, maana samaki kila nyumba inajinunulia yake. Labda ng'ombe. Fedha za hifadhi ya Misali na za watalii wanaokuja kuangalia kasa wakitaga, zikatwe sehemu, na kila kasa aliyeachiwa akiwa hai kijiji kihesabiwe, wakifika idadi mnayokubaliana achinjwe ng'ombe, agawanywe ufukweni pale pale na watu wale wale, na sheha asimamie.

#21 BintiWete

Ng'ombe mmoja kwa kasa wangapi, Mzee? Kwa sababu wavuvi wa kwetu wanajua kuhesabu. Na wakisikia kasa analeta ng'ombe, huyo huyo mmoja ataachiwa asubuhi akanaswa jioni.

#22 Wakili_wa_Kisauni

Watamu wanamtia bango la namba begani kwenye pezi. Akirudi anajulikana.

#23 BintiWete

Hilo nalichukua. Nitalipeleka kwa kaka yangu yumo kwenye kamati ya uvuvi, nilete majibu yake humu. Ila najua atakachoanza kuuliza: ng'ombe ananunuliwa kwanza au kasa wanahesabiwa kwanza.